Baba Amehamia Bukima, Je, Ninunue Spika Zipi?

Mama Selestina, shikamoo. Nakuandikia kutoka Butiama, na kabla sijaeleza lolote nakuomba sana unisaidie upesi, maana Pasaka imebakiza wiki tatu na mimi mpaka leo sijajua ninunue spika zipi.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, afisa mifugo katika kata moja ya huku, nina mke mmoja wa ndoa ya kanisani na mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, nitakayemwita Rhobi, na naomba jina langu usilitoe kabisa, na hata majina mengine humu nimeyabadilisha isipokuwa la Fredi, kwa sababu Fredi anajulikana Bunda nzima na hata nikimpa jina gani watu watajua tu ni Fredi.

Mwaka jana nilimaliza kujenga, vyumba vitatu na sebule ya futi kumi na mbili kwa kumi na nne, bati jipya, silingibodi bado, na tulipohamia tu nikagundua kwamba TV yetu ina sauti ya mtu aliyetoka kuumwa, mtangazaji anasema goli wewe unasikia kama anaomba maji. Ndipo nikaanza kuweka akiba ya hom thieta, sikukopa, sikuiba, nilijinyima soda nikajinyima nyama choma ya Jumamosi mpaka nikafikisha laki nne na nusu, na nataka nikuhakikishie Mama kwamba sinunui kwa kujionyesha, ingawa ni kweli nimeshawatangazia wanajumuiya kwamba Jumatatu ya Pasaka wote waje kwangu, na ni kweli pia kwamba katika kutangaza nilitumia neno uzinduzi.

Sasa hapo ndipo kichwa kinaponiuma, kwa sababu duka moja la Musoma mjini wana seti ya spika tano ndogo na sabufa moja, boksi limeandikwa wati elfu moja na mia mbili, ina taa za bluu zinazocheza na muziki, mbili unaziweka mbele, moja katikati, mbili nyuma ya kochi, ili kwenye filamu risasi ikipigwa uisikie inapita sikioni, na muuzaji aliniwekea helikopta, Mama, nikainama mbele ya watu. Lakini kule Bunda kuna Fredi, ambaye zamani alikuwa anapiga muziki kwenye maharusi na sasa ameokoka, yeye anauza spika zake mbili za mbao pamoja na amplifaya, zinamfikia mwanangu begani, sabufa ya nini tena ukiwa na zile, na ananifanyia laki nne kwa sababu niliwahi kumwokolea ndama. Halafu iko ile moja ndefu ya kulaza chini ya TV, laki mbili na themanini, ambayo mke wangu, nitakayemwita Yuliana, aliisikia pale pale dukani akasema, "Hii walau inatamka maneno," lakini mimi nikiitazama naona rula, yaani mgeni anaingia sebuleni anauliza hom thieta iko wapi, nimwonyeshe rula?

Fredi ni mtu wa haki, akaniambia nisinunue mbuzi kwenye gunia, nichukue spika zake nikaonje kwa wiki moja nyumbani. Na katika kuonja huko ndipo likaingia jambo la baba yangu, ambalo nalieleza kwa kifupi tu ili upate mazingira ya kiufundi.

Baba yangu, Mzee Keraryo, ni mgane wa miaka sabini na nne, anakaa kwenye nyumba yake ya zamani uani hapa hapa, hatua kama thelathini kutoka kwangu. Na kama unavyojua Mama, kwa mila yetu baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, na yeye na mke wa mwanawe hawakai pamoja wala hawatazamani usoni, wanaheshimiana kwa mbali, kwa hiyo tangu tuhamie hajawahi kuingia hata mara moja, hata siku ya kubariki nyumba Padre aliingia yeye akabaki nje na kofia mkononi. Lakini kila jioni kwenye saa kumi na mbili anakuja na kigoda chake, anakohoa kidogo ili Yuliana ajue mzee amefika, kisha anakaa nje chini ya dirisha la sebule, ameegemea ukuta, mpaka tumalize kula, ndipo anaondoka kwenda kulala.

Mimi nilijua anafuata mpira na taarifa ya habari, nikawa namwongezea sauti ya TV mpaka mwisho, nikamuuliza, "Baba, unasikia huko?" akanijibu, "Nasikiaga." Siku moja nikamuuliza nani kashinda, akasema hajui, nikaona basi kweli sauti haimfikii, na badala ya mpira akaanza kuniuliza, "Rhobi amepewa dawa? Jana alikohoa mara tatu, na chakula hakumaliza." Nikamwambia amepewa. Kwa hiyo zilipofika zile spika za Fredi nikasema huu ndio wakati wa mtoto kumkumbuka mzazi wake, spika moja nikaielekeza sebuleni, nyingine nikaigeuza dirishani na kioo nikakifungua, ili mzee naye apate haki yake ya hom thieta akiwa nje na mila ikiwa salama.

Jumatatu mpaka Ijumaa mambo yalikwenda vizuri sana, isipokuwa kila siku baba alikuwa anasogeza kigoda mbele kidogo, mbele kidogo, mpaka Ijumaa akawa amefika kwenye ua wa minyaa, na mimi nikafurahi, kwa sababu kijitabu cha amplifaya kinasema besi inasikika vizuri zaidi ukikaa mbali kiasi, nikajua mzee ana sikio.

Jumamosi jioni nikaweka filamu, hizi zilizotafsiriwa, ambazo kuna DJ anayekueleza kila kinachotokea kwa Kiswahili juu ya sauti ya wenyewe. Baba yuko kwenye minyaa, Yuliana yuko barazani na cherehani yake anamalizia sare za shule, kona ya nyumba imewatenganisha kama inavyotakiwa, hawaonani, na akina mama wanapita na ndoo kutoka kisimani. Mimi niko nyuma ya amplifaya nabana waya uliolegea. Mara jamaa wa kwenye filamu akaingia chumbani na yule binti, na DJ wetu, Mama, yule mtu hana siri, akaanza kutangaza kifungo cha kwanza cha gauni, akatangaza cha pili, akasifia, na kwa kweli nitakuwa mwongo nisipokiri kwamba kwanza nilifurahi, maana sauti ya mtu ilikuwa inatoka safi, haina mkwaruzo hata kidogo, nikasema Fredi hakunidanganya, na DJ alikuwa amefika kifungo cha nne ndipo nikakumbuka ni akina nani wako nje. Nikashika rimoti, kumbe rimoti ni ya TV na sauti iko kwenye amplifaya, nikarukia kile kitufe cha mviringo, na kwa haraka nikakizungusha upande usio wake.

Nilipotoka nje nilimkuta Yuliana amejifunika uso kwa sketi ya shule na gurudumu la cherehani bado linazunguka lenyewe, na baba alikuwa ameshainuka, hakukimbia, alichukua kigoda chake akatembea taratibu mpaka kwake akafunga mlango. Jumapili asubuhi, sisi tukiwa kanisani, akapanda gari na kifurushi kimoja akaenda kwa dada yake mjane Bukima, na leo ni siku ya kumi na tisa hajarudi.

Yuliana hakai tena barazani, cherehani ameihamishia chumbani, na aliniambia, "Baba Rhobi, mimi na mzee tumesikia maneno yale pamoja. Nitokeje nje? Akirudi nitapitia wapi?" Na juzi akaongeza kwamba mzee asiporudi kabla ya Jumapili ya Matawi, yeye anamchukua mtoto anaenda kwao Bunda, kwa sababu hawezi kukaa kwenye nyumba iliyomwondoa mzee kwenye mji wake, na Yuliana huwa hasemi kitu mara mbili. Mzee Ngolo naye, ambaye ni rika la baba, waliingia jando siku moja, alikuja kuniuliza mwenzake amepatwa na nini, nikamjibu ni mambo ya kiufundi, akanitazama sana akaondoka.

Usifikiri nimekaa tu. Nilikwenda mwenyewe Bukima, nikamkuta baba amekaa na shangazi wanachambua dagaa, nikamweleza kiume, bila kuzunguka, kwamba lile lilikuwa igizo tu, wale watu hawakufanya kitu kweli, na tena DJ huwa anaongeza chumvi, na kwamba hata Yuliana anaelewa hivyo. Shangazi akainuka akaingia ndani. Baba akawa anaangalia dagaa. Nikampa zawadi niliyombebea, spika ndogo ya kuchaji yenye taa nyekundu na kijani, akasema, "Asante. Iweke pale." Halafu akaniuliza, "Rhobi bado anakohoa?" Nikasema amepona, nikarudi.

Sasa Mama, swali langu ni kwamba, kwa mazingira hayo, nichukue za Musoma au za Fredi, maana Fredi anataka jibu na wiki yake imepita zamani, na kama nitachukua za Musoma, je, zile mbili za nyuma ninaweza kuvuta waya nikazifunga nje kwenye minyaa ili baba akirudi awe na zake mwenyewe, zenye sauti ya wastani, na je, kweli mtu mzima anaweza kuzindua rula? Nisaidie, nyumba yangu inayumba.

Ni mimi,
Mpenda Sauti Safi, Butiama.


Mama Selestina anajibu

Mpenda Sauti Safi, marahaba. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa afisa mifugo wa huko Butiama mwenye nyumba mpya isiyo na silingibodi na baba aliyehamia Bukima sidhani kama yuko zaidi ya mmoja, kwa hiyo wiki hii ukienda kuchanja ng'ombe za watu jiandae kuulizwa habari za vifungo.

Nitaanza na spika, kwa sababu nakuona wewe usipopata jibu la spika hutasoma mbele. Na usidhani sijui ninachosema. Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio hapa Musoma miaka ishirini na sita, nimesonga ugali nikiwa nimezungukwa na spika zilizopasuliwa, nimelala na amplifaya za watu chini ya kitanda changu, na wengine mpaka leo hawajaja kuzichukua.

Seti ya taa za bluu iache hapo hapo dukani. Wati elfu moja na mia mbili ziko kwenye boksi tu, baba. Siku nyingine geuza mashine nyuma, soma pale palipoandikwa inakula umeme kiasi gani, na ukikuta inakula wati themanini, mwombe muuzaji akuonyeshe hizo nyingine inazitoa wapi. Na spika za nyuma ya kochi utazifanyia nini wewe? Uliwekewa helikopta ukainama, sawa, lakini nyumbani kwako hakuna helikopta, kuna DJ. DJ ni mtu mmoja, anaongea kwenye kipaza sauti kimoja, na filamu yake inatoka na sauti ile ile kila upande. Zile mbili za nyuma kazi yake itakuwa kukurudia kisogoni maneno uliyokwisha kuyasikia mbele. Ukitaka kumjua muuzaji mkweli, nenda na flashi yako mwenyewe yenye filamu unazotazama na taarifa ya habari, mwambie apunguze sauti mpaka chini, kisha ufumbe macho. Ukishika kila neno, hiyo ni spika. Usiposhika, hayo ni mapambo. Mke wako alifanya jaribio hilo siku ile ile bila kusoma kijitabu chochote, akakupa jibu kwa maneno manne, wewe ukaona rula.

Za Fredi sina ubaya nazo. Kabla mtu hajanunua spika za mtumba abonyeze ile karatasi ya katikati taratibu kwa vidole, asikilize kama inakwaruza, na aangalie mpira wa pembeni kama umechanika. Naamini za Fredi ni nzima. Lakini zilitengenezwa ili watu mia mbili waliokaa kwenye maturubai wasikie bwana harusi anaitwa, na wewe umeziingiza kwenye sebule ya futi kumi na nne chini ya bati tupu. Umeuliza kama zinafaa. Mwanangu, zilifaa kuliko ulivyohitaji, kila mwenye ndoo kisimani ni shahidi.

Kwa hiyo rula. Laki mbili na themanini, na wakikuonea huruma watakupunguzia. Inayobaki anza nayo silingibodi ya hapo sebuleni, kwa sababu ukiwa na bati peke yake besi itapiga bati nalo bati litajibu, na mvua za masika zikianza hutasikia chochote hata ukinunua spika za uwanja wa mpira. Tundika na mapazia mazito, Yuliana ana cherehani. Spika imekwisha hapo, sitaki kuulizwa tena.

Sasa kaa chini tuzungumze, maana nimekukasirikia.

Baba yako umemwandika kama mazingira ya kiufundi. Mimi nimeisoma barua yako mara tatu na mara ya tatu nilivua miwani nikalia, kisha nikacheka, kisha hasira ikanishika. Ulimuuliza mzee nani kashinda akasema hajui. Mtu anayefuata mpira kila jioni kwenye ukuta wa baridi hajui nani kashinda? Lakini huyo huyo anajua mtoto amekohoa mara tatu. Anajua chakula hakumaliza. Aliyajuaje hayo, na hajakanyaga ndani, na mke wako hawezi kumwambia? Aliyasikia. Yalimfikia kupitia dirishani, TV yako ikiwa bado ina sauti ya mgonjwa.

Baba yako hakuwa anakuja kusikiliza TV. Alikuwa anakuja kwenu. Mila imemfungia mlango, naye ni mtu wa heshima, hata Padre alipoingia yeye alibaki nje. Basi akatafuta njia ambayo haimvunjii mtu heshima, akaleta kigoda chini ya dirisha. Pale alikuwa anasikia sahani zinapangwa, anamsikia mjukuu wake anagoma kula, anamsikia mkwe wake, ambaye hawezi hata kumtazama usoni, anacheka au amechoka. Mkimaliza kula naye anaridhika, anaenda kulala. Huko ndiko kutembelewa na mzee kulivyokuwa kwenye nyumba yako. Wewe ukamwekea mtangazaji wa mpira juu ya mjukuu wake, ukamwongezea mpaka mwisho, kisha ukamwita mbele ya dirisha umuulize kama anasikia. Angekujibu nini? Akaletewa na spika za harusi. Akasogea, akasogea, mpaka kwenye minyaa, na wewe ukasema mzee ana sikio. Ana sikio kweli, ila lilikuwa linakimbia.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na nakusamehe nusu, kwa sababu ulilifanya kwa upendo, na upendo wa watoto wa siku hizi unakuja na waya nyingi. Vile vifungo vinne ni ajali. Aibu ni kubwa, sipunguzi hata kidogo, mkwe na mkwe kusikia maneno ya chumbani kwa pamoja, mbele ya majirani, kwetu hilo si jambo la kucheka. Lakini wazee wetu walijua ajali zipo, ndiyo maana wakaacha njia ya kuzitengeneza. Na hapo ndipo ulipofanya kosa ambalo sikusamehe.

Ulikwenda Bukima ukayasema. Wewe, mtoto wake wa kumzaa, ukakaa mbele ya baba yako na mbele ya shangazi yako, ukamweleza kiume kwamba wale watu hawakufanya kweli. Ukamtajia na mkwe wake, eti naye anaelewa hivyo. Mzee wa watu alikuwa amekimbia maneno umbali wote huo, ukayapandisha gari ukamfuata nayo. Shangazi yako aliinuka akaingia ndani, hukujiuliza kwa nini? Mimi nimezaliwa Mugango na nimeolewa Musoma, na sehemu zote mbili jambo la namna hiyo mtoto halifungulii mdomo. Linabebwa na rika la baba. Anakwenda mtu ambaye aliingia jando naye, ambaye hana aibu naye, wanakaa, wanazungumza habari za ng'ombe na za mvua, jambo lenyewe halitajwi hata kwa jina, na likiisha linakuwa limeisha.

Na mtu huyo alikuja mwenyewe mlangoni kwako. Mzee Ngolo alitoka kwake kwa miguu yake akakuuliza mwenzake amepatwa na nini. Wengine hapo wangemshukuru Mungu, wewe ukamwambia ni mambo ya kiufundi.

Sasa sikiliza, na usiniletee kijitabu. Kesho alfajiri, kabla hujaenda kwenye josho, pita kwa Mzee Ngolo. Usimpigie simu. Mwamkie, kaa chini, umwombe msamaha wa lile jibu, kisha mwambie nyumba yako imemkosea baba. Yatosha hapo. Akikuuliza zaidi mjibu, asipouliza nyamaza, atakuwa anajua kuliko wewe, maana Butiama nzima inajua. Mwombe akuendee Bukima, nauli utoe wewe. Akikuambia mambo haya yanataka mbuzi, toa mbuzi, na kwa kuwa ni afisa mifugo nakuomba usimchague yule unayejua ana minyoo. Siku hiyo hiyo mwombe mke wa Mzee Ngolo aje akae na Yuliana, wanawake wawili, mlango umefungwa. Yeye ndiye atakayemwambia mke wako namna ya kutoka nje tena. Wewe huwezi, usijaribu.

Kwa Yuliana kazi yako ni moja, kuomba radhi bila kueleza. Usimwambie habari ya rimoti. Na umtazame vizuri huyo mwanamke. Wake wangapi wanamwomba Mungu baba mkwe ahame? Wako anataka kurudi kwao kwa sababu baba mkwe amehama. Wa namna hiyo watu wanawatafuta kwa tochi mchana, wewe unaye ndani, umemhamishia chumbani na cherehani yake.

Spika za Fredi zirudi Bunda wiki hii, ulisema za kuonja, umeshashiba. Waya wowote usipelekwe kwenye minyaa. Ile ya taa nyekundu na kijani usiidai, shangazi yako ataiona inafaa kumulikia dagaa umeme ukikatika. Wanajumuiya waambie waje Jumatatu ya Pasaka wasali, wale, warudi makwao, hakuna kitakachozinduliwa. Watakusema wiki moja. Wataacha.

Hata rula usinunue kwanza. Mzee Ngolo akimrudisha, na ninaamini atarudi, maana mtu anayeuliza habari za kikohozi akiwa Bukima moyo wake haujahama, jioni ile ya kwanza zima TV mapema, fungua dirisha, kaeni mle. Rhobi aombee chakula yeye, kwa sauti yake, hata akiruka maneno. Yuliana asinong'one kwa ajili ya mtu, aseme kama anavyosemaga akiwa kwake. Na jioni ya pili mfanye hivyo hivyo, na ya tatu. Baba yako ana miaka sabini na nne. Spika utanunua kiangazi, zipo tu.